Uliza Mwenyeji: Kisiwa kilichotukimbia

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani, mguu juu ya kigoda, maana goti langu la kulia halitaki tena kupanda mashua. Miaka 22 nimewatembeza wageni mkoani Tanga, Pangani mpaka Amani na kurudi, na sasa nawatembeza kwa kalamu. Toleo lililopita niligusia kisiwa cha Maziwe kwa mistari mitatu tu. Kumbe nimechokoza mzinga.

*Shikamoo mama. Mwezi wa saba mimi, mume wangu na watoto wawili tulitoka Dodoma kuja Pangani kwa ajili ya kisiwa cha Maziwe. Tulikodi mashua, tukaondoka mchana baada ya kula. Saa tisa nahodha akatia nanga katikati ya bahari akasema, "Ndiyo hapa." Hapakuwa na kisiwa, maji matupu. Watoto walilia. Mume wangu mpaka leo anasema tuliibiwa. Je, tuliibiwa?*
Mama Wawili, Dodoma

Marahaba mwanangu, na poleni. Kisiwa mlikifikia. Mlikuwa juu yake kabisa, kilikuwa chini ya mkuku wa mashua. Mlichokikosa ni saa.

Maziwe haina minazi kama wanavyoichora kwenye fulana. Ni fungu la mchanga, kama kilomita 8 kutoka mlango wa mto Pangani, na matumbawe yake pembeni. Maji yakijaa linazama lote. Yakikupwa linatoa mgongo, mweupe mpaka unafumba macho, na saa mbili tatu baadaye linarudi zake chini. Wanaokwenda kuliona huenda kwa miadi ya bahari.

Sasa fuata hesabu, maana bila hesabu hii hela yako inazama. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tuna bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana. Pwani yetu hii, siku ya bamvua maji hujaa alasiri, kwenye saa kumi hivi, na asubuhi yake huwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne. Kila siku inayofuata mambo yote yanachelewa kiasi cha dakika 50. Ukifika siku ya saba au ya nane umeingia maji mafu: kukupwa kumesogea mpaka alasiri, na hata yakikupwa hayashuki vya kutosha, fungu linachungulia tu au halitoki kabisa. Nyinyi mmefika saa tisa mchana. Kama ilikuwa bamvua, bahari ilikuwa imebakiza saa moja ifurike. Kama yalikuwa maji mafu, basi yalikuwa yakishuka kwa uvivu na hayakuwa na nia ya kuwaonesha kitu. Kwa vyovyote nahodha alijua, na alipaswa kusema kabla hajapokea hela. Hapo namkubalia mume wako nusu.

Safari ijayo shika kalenda ya Kiislamu, haidhuru dini yako ni ipi. Wavuvi wote huku wanahesabu kwa mwezi. Chagua kati ya tarehe 1 na 4, au kati ya 15 na 18. Muwe ndani ya chombo saa mbili asubuhi. Usimuulize nahodha "Tutakiona kisiwa?" kwa sababu atasema ndiyo, nani anakataa mteja? Muulize "Kesho maji yanakupwa saa ngapi?" kisha nenda pale wanapoteremsha samaki umuulize hivyo hivyo mtu asiyekuuzia chochote. Majibu yakilingana, lipia. Na Julai ni kusi mwanangu, bahari ina hasira na maji yana vumbi. Njoo Oktoba au Novemba vuli ikikuruhusu, au Januari na Februari kwenye kaskazi, maji yanapokuwa kama ya kwenye glasi.

Huko hakuna mti hata mmoja, kwa hiyo beba kofia, kanga mbili za kufungia kivuli, maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani, na viatu vya kuingia navyo majini kwa sababu ya wale wadudu wa miiba mirefu myeusi. Ni hifadhi ya bahari, ina kiingilio, dai stakabadhi. Gamba la konokono wa bahari litazame, ulirudishe.

Nisikucheke lakini. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliwapeleka wageni saba tarehe 9 ya mwezi, najiamini, sufuria ya wali wa nazi nimeibana kwa kitambaa. Tulisubiri. Fungu halikutoka. Mwishowe tulishuka hivyo hivyo, maji kiunoni, mimi na sufuria kichwani kama muuza vitumbua, wageni wananizunguka kila mtu na kijiko. Walisema ni chakula kizuri kuliko vyote vya safari yao. Walikuwa waungwana tu. Wali ulikuwa na chumvi ya bahari.

Halafu mwambie mume wako kwamba kisiwa kile kweli kiliibiwa, ila muda mrefu kabla yenu. Nilipokuwa mtoto Maziwe ilikuwa na miti, mivinje, mtu anaiona akiwa mbali. Baba yangu alikuwa mvuvi, na siku aliyopitia huko vile vitunda vya mvinje vyenye meno vilinasa kwenye nyavu zake. Tulivipanga barazani tukacheza bao. Mwaka 1975 ikatangazwa hifadhi kwa sababu ya kasa, maana walikuwa wakipanda kutaga pale kwa wingi. Lakini miti ilikatwa, mizizi ikaacha kushika mchanga, mawimbi yakaanza kula. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti wa mwisho ukawa umeshakwenda na kisiwa kikageuka fungu la kupanda na kushuka. Kasa hawakuambiwa. Wanaendelea kurudi kutaga kwenye mchanga ambao saa chache baadaye umefunikwa, na yai la kasa likilala majini halitotoi. Kwa hiyo watu huyachimbua mayai mapema na kuyazika upya ufukweni Ushongo, ng'ambo ya kusini ya mto. Baada ya miezi miwili hivi mchanga unatikisika kama chungu cha uji unaoanza kuchemka, na kinatoka kichwa, mkono mmoja, kisha mia. Kama mkibahatika na siku hiyo, watoto wako watasahau kabisa kile kilio cha Julai.

*Shikamoo bibi. Niko kidato cha tano. Bibi yangu mzaa mama anasema Mapango ya Amboni yanatokea Mombasa, na kuna Wazungu waliingia na mbwa wao hawakuonekana tena, mbwa peke yake ndiye aliyetokea upande wa pili. Mwalimu wa jiografia anasema ni uongo. Nimwamini nani?*
Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba mjukuu wangu. Kwenye mtihani muamini mwalimu, jioni kwenye mkeka muamini bibi.

Amboni iko kilomita 8 kaskazini ya jiji la Tanga, kwenye barabara hiyo hiyo ya Horohoro iendayo Mombasa, na labda ndiko hadithi ilikopata mguu. Jiwe lake ni la chokaa. Lilijengeka chini ya bahari, enzi ambazo wanajiolojia wanazihesabu kuwa yapata miaka milioni 150 iliyopita. Maji ya mvua yakipita kwenye chokaa huimumunya kidogo kidogo, miaka na miaka, mpaka mwanya unakuwa chumba. Yale yanayoning'inia darini na yale yanayoota sakafuni ni chokaa hiyo hiyo iliyodondoka tone kwa tone. Mapango ni kumi, wageni huingizwa moja. Wataalamu waliyapima mwaka 1994, na lililo refu kuliko yote halikutimiza hata kilomita moja. Mombasa iko zaidi ya kilomita mia. Hapo mwalimu ameshinda.

Sasa njoo ndani. Mwongoza njia atakuonesha kwa tochi kochi, meli, mguu wa tembo, vyote vya mawe. Mimi kila nikienda meli siioni, naitikia tu kwa heshima. Hewa ni nzito na ina harufu ya kinyesi cha popo. Kuna mahali unainama, mahali unapita ubavu, na mtu mnene anapita akisukumwa, nimesukuma wengi. Kisha mnafika kwenye chumba ambamo kuna chupa za maji ya waridi, vitambaa vyekundu na vyeusi, sarafu, vibuyu. Ule ni mzimu. Watu wanakuja kuomba, wengi ni wanawake wanaotafuta mtoto, na wapo wanaotoka mbali sana. Usiguse kitu wala usipige picha bila kumuuliza mwongoza njia, na wala usimcheke mtu. Utakuta mtu amepiga magoti humo mwenye shahada mbili.

Wazee wa huku watakutajia pia Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha kwenye mapango yale miaka ya 1950 wakiwasumbua wakoloni, na kila mzee ana namna yake ya kusimulia walivyoponyoka. Yasikilize yote, usiyasawazishe.

Nenda alasiri, kaa mpaka jua lizame. Popo hutoka kwa maelfu, kama moshi wa tanuri la chokaa, na kwa dakika kadhaa hamsikilizani. Wageni wengi wameshaondoka saa kumi wakiwahi chakula hotelini, kwa hiyo mtakuwa wachache.

*Mimi ni mpenzi wa samaki. Nataka kumuona silikanti akiwa hai. Niende wapi, na ni shilingi ngapi?*
Mpiga mbizi, Kigamboni

Huwezi ndugu yangu, na hela yako kaa nayo. Silikanti anaishi kina kirefu kuliko unakoruhusiwa kwenda na mtungi wako. Dunia ilidhani ameshatoweka pamoja na madinosaria mpaka mwaka 1938 alipovuliwa Afrika Kusini. Huku kwetu alianza kunasa kwenye majarife ya papa kuanzia mwaka 2003, na ndiyo sababu mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Nilimuona mmoja tu, amekufa, kwenye sakafu ya saruji: buluu iliyokolea yenye madoa meupe, mapezi yamekaa kama viguu vya mtoto anayejifunza kutambaa. Mvuvi alinung'unika kwamba jarife limeharibika, na samaki mwenyewe ana mafuta mengi haliki. Ndani ya hifadhi hiyo hiyo piga mbizi zako kwenye matumbawe, utaona mengine, naye ujue yuko chini yako anakusikia.

*Mama, tunafunga ndoa Desemba na nimechagua Tanga kwa fungate. Mama mkwe amemtia hofu mwanawe kwamba Tanga mwanamume huja leo na harudi. Nimjibu nini? Na tutafanya nini mjini kwa siku moja?*
Bi Harusi Mtarajiwa, Iringa

Mama mkwe ameupindua msemo. Msemo wetu ni "waja leo waondoka leo", na wenyewe tunaucheka. Mwambie mwanawe harudi pale tu mke anapojua kupika, na anayemroga ni wewe uliyetoka naye Iringa.

Siku moja mjini inatosha mkikodi baiskeli, maana Tanga ni tambarare na baiskeli ndiyo gari letu. Asubuhi anzeni makumbusho ya Urithi kwenye boma la zamani la Wajerumani, zile picha za zamani za mji zinastahili saa nzima. Kisha mpande taratibu mpaka Ras Kazone chini ya miti. Njia hiyo ya kivuli, Novemba 1914, ilikuwa uwanja wa vita. Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India. Wajerumani na askari wao weusi, chini ya von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama elfu moja. Risasi zikapiga mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, nyuki wakatoka, wakauma bila kuuliza bendera. Waingereza walirudi melini baada ya siku tatu, na zana kibao wakaziacha pwani. Bwana harusi mwambie ukweni kuna nyuki pia.

Jioni kaeni baharini, mkitazama kisiwa cha Toten ndani ya ghuba. Pweza wa kuchoma na kachumbari. Basi.

*Habari za kazi mama. Nyumbani kwangu Bukoba nina vyungu kumi na vinne vya yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya. Nimesoma kwamba asili yake ni Usambara. Nimestaafu, miguu bado mizima. Nataka kuyaona yanakoota yenyewe. Nitayapata?*
Mwalimu Mstaafu, Bukoba

Nzuri dada yangu. Barua yako ndiyo niliyoisoma mara tatu.

Utayapata, ila ujiandae kutoyatambua. Kwenye chungu yanajitanua kama bibi harusi. Porini ni kitu kidogo, kimejibanza kwenye uso wa jiwe lenye ukungu, mahali ambapo jua haligusi na mto unarusha manyunyu. Mtu huyapita akitazama juu kutafuta nyani. Mara ya kwanza nilioneshwa na mzee mmoja wa Sigi. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akakigeuza, kama anavyofanya kinyozi, mpaka macho yangu yakafika. Majani manne matano yamelala bapa juu ya mwamba, manyoya yake yameshika matone, na katikati ua moja, petali tano, na kitone cha manjano ndani kidogo kuliko punje ya mchele. Nikasema, "Ndiyo hili?" Mzee akaudhika kabisa.

Aliyelipeleka Ulaya ni Walter von Saint Paul-Illaire, bwana mkubwa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala Tanga. Mwaka 1892 alimpelekea baba yake Ujerumani, baba akampa Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, na mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Kutoka hapo likaingia madirishani mwa dunia nzima, mpaka kwako Bukoba. Waliokuwa wakilipita kila siku wakienda kuteka maji hawakuulizwa wanaliitaje.

Njia: shuka Muheza, kisha panda kwenda Amani, kama kilomita 35 za vumbi au tope kutegemea umechagua mwezi gani. Epuka masika, Machi hadi Mei, gari linateleza na wewe unashuka kusukuma. Langoni pa Sigi kuna ofisi ya hifadhi na mahali pa kulala. Zamani palikuwa stesheni ya reli ndogo ya Wajerumani ya kuteremshia magogo. Lala hapo usiku mmoja kabla hujapanda juu. Maua yapo jirani na mto, na mwongoza njia wa kijiji anajua jiwe lipi lina ua wiki hii. Usimwambie "nina haraka". Mto huo wa Zigi ndio unaoshuka kuwapa maji watu wa Tanga mjini. Ukinywa chai hotelini ujue umeshakunywa mawe yale.

Juu Amani kwenyewe hewa inabadilika, uko karibu mita 900. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea pale mwaka 1902, wakapanda kila walichokiokota duniani: mdalasini, iliki, kafuri, mkwinini wa dawa ya malaria. Leo bustani na msitu vinagusana huwezi kujua mpaka. Hapa nina neno na wewe mtu wa Bukoba. Ule musizi wa kwenu, mti mzuri wa mbao, uliletwa huku ukapandwa, na sasa umeota msituni kila mahali pasipoalikwa, unakua upesi na kuwabana wenyeji. Kwa hiyo tumelipana: sisi tumewapa ua, nyinyi mmetupa shida.

Usiku omba utembezwe na tochi mtafute vinyonga. Mchana hata awe mbele ya pua humuoni. Usiku akilala hupauka, ukimmulika anang'aa kama karatasi kwenye tawi. Wapo wa pembe mbili ambao hawapatikani popote pengine ila Usambara, na wapo wa pembe tatu. Kuna kundi zima la vinyonga ambalo wanasayansi mwaka 2006 walilipa jina la Kinyongia, Kiswahili chetu kikaingia kwenye Kilatini kwa mgongo wa mnyama ambaye bibi zetu walituonya tusimtazame machoni. Usimbandue kwenye tawi ili upige picha. Analala, kama wewe.

Na ombi moja, mwalimu kwa mwanafunzi: najua mkono utawasha ung'oe kajani kamoja tu ukaoteshe nyumbani. Watu wa maua nawajua. Using'oe. Baadhi ya aina zake zimebaki kwenye mwamba mmoja au miwili tu. Vyungu vyako kumi na vinne vinatosha.

*Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa historia, shule ya sekondari ya kata. Nina wanafunzi 45, basi la kukodi na bajeti ndogo. Naweza kufundisha nini Pangani kwa siku moja, tukitokea Tanga alfajiri?*
Mwalimu, Korogwe

Marahaba mwalimu. Usianze Pangani, anzia njiani. Kama kilomita 17 kutoka Tanga, kata kushoto kuelekea baharini, Tongoni. Kuna msikiti uliobaki kuta, na makaburi kama arobaini, mengi ya nguzo, hukuti nguzo nyingi namna hiyo mahali pamoja pwani nzima ya Afrika Mashariki. Kazi ya karne ya 14 na ya 15. Nyingi zimeanguka zimelala kama minazi baada ya tufani. Waambie wanafunzi watafute kwenye nguzo mashimo ya mviringo, ukubwa wa bakuli la uji. Wakiyapata waulize kulikuwa na nini. Kulikuwa na mabakuli ya Kichina, yamepachikwa kwenye chokaa kuwapamba marehemu, na yamebanduliwa. Hakuna kitabu kitakachowafundisha biashara ya Bahari ya Hindi kama shimo lile tupu. Wakishatulia, waoneshe bahari: kwenye maji haya ndiko meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama Aprili 1498, na aliporudi mwaka uliofuata akaichoma moto kwa sababu mabaharia wa kuiendesha walikuwa wamepungua kwa kufa. Mkataze yeyote asikae juu ya kaburi. Wapo Tongoni watu ambao wale ni babu zao.

Pangani mtafika kabla ya adhuhuri. Simama mtoni, wape wanafunzi Agosti 1888. Kampuni ya Wajerumani imemleta wakala anaitwa Emil von Zelewski, watu wamembandika jina Nyundo, anataka bendera ya kampuni ipepee. Mji ukachemka. Vita ile ikapata kiongozi, Abushiri bin Salim al-Harthi, na ikaenea pwani nzima. Desemba 15, 1889 walimnyongea hapa hapa Pangani. Waulize darasa: Nyundo aliishia wapi? Watabahatisha. Aliuawa Lugalo mwaka 1891, na watu wa Mkwawa. Wanafunzi hupiga makofi, sijui kwa nini huwa nayasubiri.

Kama mna hela ya kivuko, vukeni Bweni dakika chache zile, muutazame mji kwa mbali na boma lake. Upande huo ndiko Kikogwe, ambako mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliotesha miche ya mkonge iliyosafirishwa kutoka Florida. Ilitoka elfu moja, ikafika mizima 62. Ninyi wa Korogwe mnajua kilichofuata, mnakipita kila siku mkienda shule.

Chakula msikitafute hotelini. Piga simu siku tatu kabla kwa mama lishe wa sokoni, 45 atawapikia wali na samaki kwa bei isiyokuliza. Wasichana wajifunike kanga mkipita mjini na wavulana wavae mashati. Mji ni mdogo na wazee wako barazani, kila kundi linalopita linasalimia kwanza. Mkisalimia vizuri kuna mzee atainuka mwenyewe awafungulie mlango mnaoutazama kwa nje, awaoneshe nakshi. Mkipita kimya hainuki mtu.

*Tunataka kupanda Lushoto mwezi wa saba tukitoka baharini. Kweli kuna baridi, au ni maneno ya wauza masweta?*
Wapenzi wa Jua, Dar es Salaam

Kuna baridi. Lushoto iko mita 1,400 hivi, na Julai ukungu unaingia mpaka jikoni. Kutoka Mombo ni kilomita 33 za kona, simameni Soni muone maporomoko na muwape watoto nafasi ya kutapika. Irente nendeni asubuhi mapema kabla mawingu hayajafunga, mtasimama ukingoni mkitazama nyika kiasi cha mita elfu moja chini. Plamsi na mapeasi mtayakosa, msimu wake ni Desemba na Januari. Badala yake kaeni na Mshambaa mtu mzima kwenye moto mumuombe awasimulie Mbegha, yule mwindaji wa nguruwe aliyekataliwa kwao Nguu kwa sababu meno ya juu yalitangulia, akaua simba njiani, na watu wa Vugha wakamfanya mfalme. Hadithi ni ndefu, haina njia ya mkato, na moto ukizima msimulizi naye anazima.

Kwa hiyo masweta, ndiyo. Mawili kila mtu, na soksi.